Banda la zana limegeuka kitovu cha bustani: nifanye nini liingiane na uani?

Mwenye Banda la Buluu

Ndugu wapenda bustani, nawasalimu nyote. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limenisumbua tangu siku nilipomaliza kujenga banda la kutunzia zana uani kwangu. Banda lenyewe ni la mbao, lina upana wa mita 3 kwa mbele na kina cha mita 2.4, na kilele cha paa lake kiko mita 2.6 kutoka ardhini. Limesimama mwisho wa bustani, mita 12 kutoka barazani tunapokaa jioni, na linatazamana na baraza uso kwa uso. Nililipaka rangi ya buluu ya kung'aa iliyokuwa imebaki baada ya kupaka geti, kwa kuwa niliona si vyema kuitupa. Paa ni la mabati mapya yasiyopakwa kitu, na ifikapo saa kumi jioni jua hulipiga kwa namna ambayo hutulazimu kugeuza viti.

Nilidhani mimea ingemaliza tatizo. Nilinunua miche saba ya kichaka cha aina moja, nikavuta kamba, nikaipanda kwa umbali sawa mbele ya banda, vichaka vitatu upande mmoja wa mlango na vinne upande wa pili. Baada ya mwaka mmoja na nusu vimefika kiunoni, na hali ni mbaya kuliko ilivyokuwa kabla, kwa sababu sasa vichaka vyote saba vimesimama kama gwaride na banda ndilo mgeni rasmi. Tena kuna njia ya vigae vya zege inayotoka barazani ikaenda moja kwa moja hadi mlangoni.

Nyumbani wananishauri nilifunike lote kwa mimea ya kutambaa. Rafiki yangu anasema niligeuze likae mshazari, na mwingine ameona mahali fulani paa lililopandwa nyasi na anadai hiyo ndiyo tiba. Kabla sijatumia nguvu na fedha kwa mara ya pili, ningependa kujua ni lipi kati ya haya lina faida ya kweli, na kama rangi peke yake inaweza kubadilisha kitu.

Kivulini

Ndugu, pole kwa gwaride hilo. Kabla hatujafika kwenye rangi na mimea, naomba urudi barazani, ukae kwenye kiti unachokalia kila siku, kisha ulitazame banda ukiwa umeketi. Wengi wetu hukosea hapa: tunakwenda kusimama hatua mbili mbele ya banda, tunapanda kitu cha kuliziba palepale lilipo, ilhali anayelalamika si yule aliyesimama pale bali ni yule aliyeketi mita 12 nyuma.

Hesabu yake ni ndogo na inafaa kuifanya. Nikichukulia kwamba sakafu ya baraza iko usawa wa ardhi ya bustani, jicho la mtu aliyeketi liko takribani mita 1.2 juu, na kilele cha banda lako kiko mita 2.6. Ukivuta mstari kutoka jichoni hadi kileleni, utaona kwamba kichaka kilichopandwa mita moja mbele ya banda kinapaswa kufika karibu mita 2.5 ndipo kikizibe kilele hicho, na vyako viko kiunoni. Kichaka kilekile kikipandwa mita 4 kutoka kwenye kiti chako, kimo cha mita 1.7 kinatosha, na upana wote wa banda, yaani mita 3, unazibwa na majani yenye upana wa mita moja tu. Sikushauri ujenge ukuta wa majani mbele ya pua yako, maana utakuwa umelificha banda pamoja na bustani yenyewe. Ninachosema ni kwamba mti mdogo mmoja wenye majani membamba yanayopitisha mwanga, ukisimama karibu nawe na kando kidogo ya mstari wa macho, utafanya kazi kubwa kuliko vichaka saba vilivyobanana kule mbali. Kitu kinachoonekana kupitia matawi huwa nyuma ya matawi; jicho hutua kwanza kwenye kilicho karibu, na mara nyingi huridhika hapo.

Jambo la pili ni mistari. Mtu hatambui banda kwa sababu ya mbao zake, bali kwa sababu ya umbo la sanduku: kingo mbili za wima kwenye pembe, mstari wa paa juu, na mstari wa chini pale ukuta unapokutana na ardhi. Bustanini hakuna kitu kingine kilichonyooka kiasi hicho, ndiyo maana jicho linakikamata upesi. Chui hafichwi na rangi ya manjano peke yake. Madoa yake humkatakata umbo hadi anayemtazama asijue mgongo unaishia wapi na kivuli cha matawi kinaanzia wapi. Kwa hiyo lenga pembe na usihangaike na uso wa ukuta. Kwenye pembe ya kushoto weka kichaka kirefu kitakachopanda kutoka chini hadi kupita upenu, ili ukingo ule wa wima na mwanzo wa mstari wa paa vipotee kwa pamoja. Kwenye pembe ya kulia weka kundi fupi zaidi, linaloishia nusu ya ukuta, na chini yake mimea ya kutanda inayomwagikia njiani bila mpangilio. Pande mbili zisifanane. Ukiacha hata nusu ya ukuta wa mbele ionekane, hutakuwa umeshindwa, kwa sababu ukuta uliopoteza pembe zake hausomeki tena kama sanduku.

Kuhusu rangi, jibu langu ni ndiyo: rangi peke yake itabadilisha mengi, na kama ungekuwa na siku moja tu ya kazi ningekuambia uitumie huko. Rangi nyeupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, na rangi nyepesi kama buluu ya anga nazo hurudisha sehemu kubwa, ilhali majani mabichi hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga na mianya iliyo kati yao ni giza. Ndiyo maana kitu cheupe au cha buluu hafifu husogea mbele, na kitu cheusi kidogo hurudi nyuma kama kivuli kingine kati ya vivuli. Chagua kahawia iliyokolea, kijivu cha makaa, au kijani kilichochanganywa na kijivu hadi ushindwe kukipa jina. Tafadhali usikimbilie kijani cha majani. Majani ya kweli yana manjano, fedha, kivuli na mwanga vikichezacheza pamoja, na ubao uliopakwa kijani kimoja cha kukoza huonekana ni uongo hata kwa mtoto. Katika bustani za burudani za Disney, milango ya huduma na majengo ambayo hawataki mgeni ayaangalie hupakwa kijani kilichofifia chenye ukijivu, na watu hupita mbele yake kwa maelfu bila kugeuza shingo. La mwisho kuhusu rangi ni kwamba iwe isiyong'aa. Rangi iliyokolea lakini yenye kung'aa itakurudishia jua kama mabati yako yanavyofanya sasa.

Kuligeuza mshazari sikushauri hata kidogo. Sanduku la mita 3 kwa mita 2.4 likigeuzwa nyuzi 45 litamwonyesha mtu aliye barazani upana wa karibu mita 3.8, hivyo utakuwa umetoka jasho ili kuongeza tatizo.

Fundi wa Fito

Nakubaliana na Kivulini kwa karibu yote, lakini naomba niseme neno kuhusu ule ushauri wa kulifunika banda kwa mimea ya kutambaa, kwa sababu mimi ni seremala na nimeitwa mara nyingi kubomoa matokeo yake. Na kosa lenyewe niliwahi kulifanya kwangu. Niliyekuwa nimemwajiri kunipandia bustani aliniambia mmea unaonata ukutani kwa vijizizi vyake hauhitaji kutegemezwa na chochote, nami nikafurahi kuepuka gharama. Miaka minne baadaye nilivuta tawi moja ili kulipogoa, tawi likaja na ganda la rangi, na nilipobonyeza ubao uliokuwa chini yake, kidole gumba kiliingia hadi kucha ikapotea. Ukuta wote wa kusini ulikuwa umeoza kimyakimya nyuma ya majani mazuri.

Sababu yake si siri. Majani yaliyogusana na ubao huzuia hewa na jua, umande na maji ya mvua hukaa pale kwa saa nyingi kila siku, na ubao ambao haupati nafasi ya kukauka hushikwa na kuvu. Vijizizi navyo huingia kwenye nyufa na kuzitanua. Ukitaka mimea ya kutambaa, tengeneza kiunzi cha fito kinachojitegemea, ukifunge kwenye ukuta kwa vipande vya mbao vinavyokiweka mbali na ubao kwa sentimita 10 hivi. Chini ya kiunzi tia bawaba mbili na juu tia ndoano mbili. Siku ya kupaka rangi unafungua ndoano, unakilaza kiunzi taratibu kuelekea bustanini pamoja na mmea wake, unapaka, kisha unakisimamisha tena. Mbinu hii inaenda vizuri na mimea yenye mashina mepesi kama asmini. Kwa bogenvilia haifai, kwa kuwa shina lake hugeuka mti na litakatika ukililaza, na miiba yake usiikaribishe kabisa kwenye mlango unaopita ukiwa umebeba kitu mikononi.

Kuhusu nyasi juu ya paa, naomba ufanye hesabu kabla ya kumsikiliza rafiki yako. Pamoja na upenu, paa lako linafunika yapata mita za mraba 8. Udongo wa kina cha sentimita 10 tu juu ya eneo hilo ni mita za ujazo 0.8, na ukilowa uzito wake unapita tani moja. Paa la nyasi linawezekana, ila hujengwa kuanzia chini, kwa nguzo na boriti zilizokusudiwa kubeba mzigo huo na kwa karatasi ya kuzuia maji. Banda la kawaida la zana ukilitwika tani moja litakufundisha jiometri mpya.

Kuna jambo la tatu ambalo hukuliuliza. Mimea ya chini ambayo Kivulini ameipendekeza ni mizuri, lakini usiruhusu mtu akurundikie udongo hadi uguse mbao za chini. Udongo uliogusa ubao ni daraja la mchwa, nao hujenga vichuguu vyao vyembamba vya udongo humohumo bila wewe kuviona kwa sababu umevifunika na maua. Acha ukanda wa kokoto wenye upana wa sentimita 30 hadi 40 kuzunguka banda, ndipo mimea ianze. Kokoto huzuia matope kurukia ukuta mvua inapodondoka kutoka kwenye upenu, na kwa mbali ukanda huo hauonekani, kwa sababu majani yaliyo mbele yake yanaufunika.

Mzee wa Uani

Wanangu, mmesema vizuri, ila mnaharakisha kulizika banda ambalo halijakosa. Mimi ninalo banda ambalo sijalificha, na wageni hulisifu. Huko Uingereza, kwenye bustani ya Stourhead iliyotengenezwa katika karne ya 18, mahekalu madogo yalijengwa kando ya ziwa kwa makusudi, ili mtembeaji ayaone kwa mbali na avutwe kuyaendea. Hakuna aliyesema yafunikwe. Jengo linakera pale linapokuwa halina uhusiano na chochote kilicho karibu nalo. Likipata uhusiano, linakuwa sehemu ya mahali.

Tatizo la mwenzetu naliona kwenye ile njia. Njia iliyonyooka kutoka barazani hadi mlangoni ni kidole kinachoonyesha, na hata ukipanda msitu pande zote mbili, kidole kitaendelea kuonyesha. Ningeanza kwa kung'oa vigae vya theluthi ya mwisho na kuipindisha njia ipite nyuma ya kichaka kile kirefu cha pembe ya kushoto, kisha irudi mlangoni ikitokea ubavuni. Pindo liwe na sababu, yaani pawe na kitu ambacho njia inakizunguka, kwa sababu njia inayojikunja katikati ya nyasi tupu huchekesha, na watu wataikata kwa miguu ndani ya wiki mbili. Upana wake usipungue sentimita 90, kwani toroli lililojaa halijui kupita kwa adabu.

Halafu weka benchi kwenye ubavu wa banda wenye kivuli. Banda lenye benchi ni mahali pa kukaa, na mtu akiliona hajiulizi tena ni la nini.

Kivulini

Mzee wangu, kuhusu njia umenishinda, na naona aibu kwamba nilisoma habari ya vigae vile nikaipita. Kuhusu hekalu, hata hivyo, niruhusu nitofautiane nawe kidogo. Hekalu la Stourhead lina nguzo, lina ziwa mbele yake, na bustani nzima ilipangwa kwa ajili ya kutazamwa kutoka pale na kuelekea pale. Banda la mwenzetu lina ndoo, reki na mpira wa maji. Katika uani mdogo jicho linahitaji mahali pamoja pa kupumzikia, na nisingependa nafasi hiyo ichukuliwe na banda ikiwa kuna mti, chungu kikubwa au hata sehemu ya nyasi iliyokaa vizuri inayoweza kuichukua. Benchi nalikubali kwa mikono miwili, kwa kuwa liko ubavuni.

Mkaa Ghorofani

Nina neno fupi. Mwenzetu amesema kuhusu baraza, lakini kama nyumba yake ina dirisha la juu, hesabu zote za vichaka zinaishia chini, kwa sababu kutoka juu kitu pekee kinachoonekana ni paa. Kwangu nilihangaika na ukuta mwaka mzima, na siku niliyohamia chumba cha juu nikagundua kwamba sehemu niliyoiacha ndiyo pana kuliko zote. Paa lipakwe rangi iliyokolea na isiyong'aa, au tawi la mti wa karibu liachwe lipite juu yake kwa kimo cha kutosha ili lisikwaruze bati na lisijaze majani kwenye mfereji wa maji.

Mwenye Banda la Buluu

Nawashukuru sana nyote, na hasa mzee wetu, kwa sababu nilikuwa nikipita juu ya tatizo lenyewe kila siku nikiwa na ndoo mkononi.

Nimefanya majaribio mawili ambayo huenda yatamfaa mwingine. Kwanza nilipiga picha kwa simu kutoka kwenye kiti changu, kisha nikaiondoa rangi ili ibaki nyeusi na nyeupe. Kwenye picha ile banda lilikuwa kipande cheupe kabisa, na paa lilikuwa jeupe kuliko hata mbingu, jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamezoea kulisamehe. Pili nilitundika blanketi la kahawia iliyokolea kwenye nusu ya kushoto ya ukuta, nikarudi kuketi. Nusu ile ilirudi nyuma kiasi kwamba mtoto wangu aliuliza ni nani amekata banda. Kwa hiyo suala la rangi limekwisha.

Yamebaki maswali matatu. Je, rangi iliyokolea haitaligeuza banda kuwa tanuri? Je, naweza kupaka mabati haya mapya kwa rangi yoyote ya mafuta? Na vile vichaka saba, ambavyo vina mwaka mmoja na nusu ardhini, vinaweza kuhamishwa, au niving'oe nikanunue vingine?

Fundi wa Fito

Joto litaongezeka, ni kweli. Toboa matundu mawili ya hewa chini ya upenu, moja kila upande mkabala na mwenzake, uyafunike kwa wavu wa waya ili nyigu na panya wasifanye makazi, na hewa ya moto itatoka yenyewe. Petroli na makopo ya rangi usiyahifadhi humo kwa vyovyote, liwe jeupe au jeusi.

Swali la mabati ni zuri na limewaumiza wengi. Mabati mapya yana tabaka la zinki, na rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu yake humenyuka na zinki hiyo ikatengeneza kitu cha jamii ya sabuni kati ya rangi na bati. Mwanzoni paa linapendeza, kisha baada ya muda rangi inaanza kubanduka kwa mapande makubwa kama ngozi ya nyoka, na fundi anasingiziwa kwamba alichanganya maji. Osha bati kwanza kwa maji ya sabuni ili utoe mafuta ya kiwandani, lisuuze, likauke, lisuguliwe kidogo, kisha anza na rangi ya msingi ambayo kopo lake limeandikwa wazi kuwa ni ya mabati yenye zinki. Juu yake ndipo upake rangi yako isiyong'aa.

Kwenye mbao napo kuna mtego. Kwa kawaida ningekushauri mafuta ya mbao yenye rangi, kwa sababu huingia ndani ya ubao na hayabanduki. Yakichakaa unaongeza mengine bila kukwangua. Lakini wewe tayari una rangi ya buluu juu ya ubao, na mafuta hayawezi kuipenya. Una njia mbili tu: ukwangue yote hadi ubao uonekane, kazi ambayo simwombei mtu, au uipige msasa hadi ipoteze mng'aro wake kisha upake rangi ya nje isiyong'aa juu yake. Ningekuwa wewe, ningechukua njia ya pili. Na ukishaweka mfereji kwenye upenu, weka pipa nyuma ya banda: mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 8 ni karibu lita 160, na ni heri maji hayo yamwagiliwe vichaka kuliko kuchimba ardhi chini ya msingi.

Kivulini

Vichaka vya umri huo vinahamishika bila shida kubwa iwapo utasubiri mvua zianze. Usihamishe vyote saba. Chagua viwili vyenye afya zaidi uviache vilipo, ili uwe na mahali pa kuanzia, kisha vitano vingine uvigawe: vitatu vikae pamoja kwenye pembe ya kulia, kwa umbali usiolingana, kimoja kisogezwe mbele hadi karibu na pindo la njia, na cha mwisho kipelekwe upande mwingine kabisa wa bustani. Hicho cha mwisho watu hukisahau, nacho ni muhimu sana. Mmea unaopatikana karibu na banda peke yake hulitangaza banda; mmea huohuo ukionekana pia karibu na baraza, jicho linauona kuwa ni mmea wa bustani nzima na banda linaacha kuwa kisiwa. Kwa pembe ya kushoto itakubidi utafute kitu kingine kirefu, chenye majani mwaka mzima, kwani kichaka kinachopukutika kitakurudishia banda lako kila msimu wa ukavu.

Namna ya kuhamisha ni hii. Mwagilia kwa wingi siku moja kabla, ufanye kazi jioni au siku ya mawingu, na kwa kila sentimita moja ya unene wa shina uache bonge la udongo lenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 12. Bonge lisipukutike njiani. Lizungushie gunia ulifunge. Shimo jipya liwe pana kuliko bonge lakini lisiwe na kina zaidi, ili mmea ukae kwa kimo kilekile ulichokuwa nacho. Funika udongo kwa majani makavu bila kuyaegemeza kwenye shina, na upogoe theluthi ya matawi ikiwa utaona majani yanalegea kwa siku kadhaa. Vitaonekana vimekasirika kwa wiki kadhaa. Viache vikasirike.

Mwenye Banda la Buluu

Narudi na taarifa baada ya mwezi mmoja. Ukuta umepakwa kijivu cha makaa, paa limepitia hatua zote alizotaja fundi na halituchomi tena macho, na njia imepindishwa. Pindo lilinichukua siku mbili kwa sababu nililiweka alama kwa mpira wa maji uliolazwa ardhini, nikawa nasukuma toroli tupu juu yake mara kumi hadi nikapata mahali ambapo sikulazimika kuvunja mgongo kugeuza. Vichaka vitano vimehamishwa. Kimoja kimekasirika zaidi ya wenzake. Mti wa karibu na baraza bado ni fimbo yenye majani tisa, lakini nimeketi na kupima, na iko mahali pake.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukitarajia. Sasa kwa kuwa banda limerudi nyuma, kila anayekaa barazani anatazama fremu ya kidirisha, ambayo niliiacha nyeupe kwa kuwa niliona inapendeza.

Fundi wa Fito

Ipake, na upake bawaba na kitasa pia, maana ukimaliza fremu ndivyo vitakavyofuata kung'aa.